Kutapika na kuharisha hosteli: mwongozo kamili wa kuukata mlipuko chuoni

Mwongozo huu ni wa matroni, patroni, viongozi wa serikali ya wanafunzi na wahudumu wa usafi katika vyuo vya Jiji la Tanga na wilaya za jirani. Tumeuandika kwa sababu kosa linalorudiwa ni lilelile. Siku ya kwanza Jik inamwagwa kila pembe. Siku ya tatu kutapika kumepungua, deki zinarudi stoo, mpishi aliyekuwa anaharisha anarudi kwenye sufuria. Siku ya tano bweni limelala tena, na safari hii hata matroni yumo.

Watu hawashindwi kwa uvivu. Nguvu zao zote zinaishia kwenye sakafu ya korido, ilhali ugonjwa unapita kwenye matapishi yaliyodekiwa vibaya, kwenye mpini wa kopo la chooni, na kwa mtu anayejiona mzima kabla saa 48 hazijatimia tangu dalili yake ya mwisho. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Vifaa vya kuweka tayari

Hesabu hii ni ya bweni la watu kama 100, kwa siku tatu za mwanzo. Viwekwe kwenye stoo moja yenye ufunguo unaopatikana hata saa 8 usiku.

- Klorini: unga wa HTH wa asilimia 70, nusu kilo, au Jik ya maji, lita 10.
- Ndoo za plastiki za lita 10, nne. Mbili zipakwe rangi nyekundu, mbili zibaki kama zilivyo. Usitumie za bati, klorini inazila.
- Ndoo zenye koki kwa ajili ya kunawia, moja kila mlango wa choo, na sabuni.
- Pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), 100.
- Glavu nzito za mpira jozi nne, aproni za plastiki, barakoa, mifuko migumu ya taka.
- Mchanga mkavu au unga wa mbao, ndoo moja iliyojaa.
- Maboksi yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa daftari, ya kuzolea matapishi.
- Matambara ya kutupa, deki mbili zisizotumika kwingine, ndoo ndogo za kutapikia zenye mfuniko.
- Kijiko cha chakula cha plastiki, chupa ya lita 1 ya kupimia, daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Tambua mapema, toa taarifa siku hiyohiyo

Wanafunzi wawili wa bweni moja wakianza kutapika au kuharisha ndani ya saa 48, hesabu kwamba mlipuko umeanza. Usisubiri wafike kumi.

Mpigie afisa afya wa kata au zahanati ya chuo, nao watapeleka taarifa halmashauri. Ukikosa pa kuanzia, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Kipindupindu ni ugonjwa unaotakiwa kuripotiwa, na kwa macho tu huwezi kukitofautisha na virusi siku ya kwanza. Ndiyo maana taarifa inatangulia dawa.

Kuna dalili zisizosubiri asubuhi. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ukiona mojawapo ya hizi:

- choo cha maji matupu, kingi, kinachofanana na maji ya kuoshea mchele;
- damu kwenye choo;
- kila anachokunywa kinarudi;
- macho yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiibana inachelewa kurudi;
- hajakojoa kwa saa 6 au zaidi, anaona kizunguzungu akisimama, au anachanganyikiwa;
- ni mjamzito, ana kisukari au ana selimundu, hata kama hali yake inaonekana nafuu.

Mwenye homa apimwe malaria. Pwani hii malaria nayo hutapisha, na mgonjwa wa malaria aliyefichwa ndani ya mlipuko wa tumbo anaweza kupoteza siku mbili za matibabu.

Hatua ya 2: Fungua daftari la wagonjwa

Chora safu sita: jina, chumba na kitanda, choo anachotumia, saa alipoanza, alichokula na alikokula siku mbili kabla, na saa ya dalili ya mwisho. Safu ya mwisho huachwa wazi mpaka apone. Wengi huisahau, na ndiyo utakayoihitaji zaidi kwenye hatua ya 8.

Baada ya majina matano au sita, daftari linaanza kusema. Wote wakianza ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya mlo mmoja, shuku sumu ya chakula, kwa mfano wali uliopikwa mchana ukaachwa mezani mpaka usiku. Wakianza kwa kupishana, leo wawili wa chumba kimoja, kesho watatu wa chumba cha pili wanaotumia choo kilekile, ugonjwa unatoka mtu kwa mtu. Virusi vya noro, ambavyo ndivyo chanzo kikubwa cha milipuko ya kutapika katika mabweni duniani kote, huchukua saa 12 hadi 48 tangu kuingia mwilini mpaka dalili zianze. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5.

Mwanafunzi anayetapika usiku mara nyingi hunyamaza. Anaogopa kuhamishwa chumba, na wasichana wanaogopa minong'ono ya mimba. Matroni akigonga mlango aanze na pole: "Pole mwanangu. Umeanza saa ngapi? Umetapikia wapi?" Jibu la swali la pili ndilo linalokupeleka moja kwa moja kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tenga wagonjwa, na tenga choo chao

Chagua chumba chenye madirisha mawili na kilicho karibu na choo. Wagonjwa wakae humo pamoja. Anayeumwa asirudishwe kulala kitanda cha juu. Akitapika kutoka juu, amechafua vitanda viwili, chandarua na ukuta.

Choo kimoja au viwili viandikwe "WAGONJWA TU", kwa karatasi kubwa mlangoni.

Sasa angalia kopo la chooni. Kila anayetoka haja hulishika kwa mkono wa kulia, anajisafisha kwa wa kushoto, kisha analirudisha ndani ya ndoo, mara nyingi kwa mkono uleule wenye uchafu. Mpini unalowa, kopo linazama, na maji ya ndoo nzima yanachafuka. Anayefuata anaanzia hapo. Unaweza kupiga deki sakafu mara kumi, kopo likawaangusha wote. Kwenye choo cha wagonjwa kila mmoja apewe kopo lake lenye jina, litundikwe kwenye msumari na lisizamishwe ndani ya ndoo. Kwa vyoo vya wazima, ndoo yenye koki inatosha: kopo linakingwa chini ya koki.

Kama choo ni cha kuvuta, mfuniko ufungwe kabla ya kuvuta maji. Kama ni cha kuchuchumaa, maji yamwagwe polepole na kwa karibu ili yasiruke.

Onyo: usiwarudishe wanafunzi nyumbani kwa hofu. Aliyeambukizwa jana bado hana dalili. Atapanda basi la Lushoto au Handeni akiwa anajiona mzima, na kesho kutwa ugonjwa uko kwa bibi yake. Kufunga chuo ni uamuzi wa kufanywa pamoja na afisa afya.

Hatua ya 4: Changanya klorini kwa kipimo

Unahitaji maji ya aina mbili tu.

Maji makali, asilimia 0.5, kwa ndoo nyekundu. Ni ya matapishi, kinyesi na vyoo.
- HTH asilimia 70: vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa kwenye lita 10 za maji.
- Jik ya asilimia 3.5: kipimo 1 cha Jik kwa vipimo 6 vya maji.

Maji mepesi, asilimia 0.1, kwa ndoo nyingine. Ni ya vitasa, swichi, koki, meza na reli za ngazi.
- HTH: kijiko 1 kwenye lita 10.
- Jik ya asilimia 3.5: mililita 300, kisha ongeza maji mpaka yatimie lita 10.

Soma lebo ya chupa. Kama nguvu yake si 3.5, gawa asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1; jibu ni idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha dawa. Chupa ya asilimia 5 kwa maji makali: 5 gawa kwa 0.5 ni 10, toa 1, unapata vipimo 9 vya maji.

Tia maji kwanza, unga baadaye. Koroga, subiri machicha yatulie, tumia maji ya juu. Changanya upya kila asubuhi, kwani klorini hupungua nguvu kwa jua na joto, na ndoo iliyoachwa wazi nje tangu jana imebaki na harufu tu. Iwekwe kivulini na mfuniko wake.

Onyo kubwa: usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Inatoka gesi inayochoma mapafu, na choo cha hosteli ni kidogo, hakina pa kukimbilia. Unga wa HTH usikae stoo moja na petroli, dizeli au mafuta ya kula, maana unaweza kuwasha moto. Mhudumu mwenye pumu apewe kazi nyingine.

Hatua ya 5: Ondoa matapishi kwa usahihi

Hapa ndipo mlipuko unapokatwa au kulishwa. Chembe chache mno za virusi vya noro, chini ya mia moja, zinatosha kumwangusha mtu, na tapishi moja linabeba mamilioni yake. Mtu anapotapika, matone madogo huruka na kutua mbali na lile dimbwi unaloliona.

1. Ondoa watu wote. Fungua madirisha, zima feni. Feni ya dari iliyoachwa ikizunguka inasambaza matone chumba kizima.
2. Vaa glavu, aproni na barakoa. Viatu viwe vya mpira, ndala zinarusha maji kisigino.
3. Funika matapishi kwa mchanga mkavu au unga wa mbao, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Usianze na maji, na usimwage Jik kutoka juu. Uchafu mwingi hula klorini yote kabla haijafika kwenye virusi, na mmiminiko unarusha matone zaidi.
4. Acha dakika 5 mpaka yanywewe. Zoa kwa vipande viwili vya boksi, ukikusanya kutoka nje kuingia ndani. Tia kila kitu, pamoja na maboksi, ndani ya mfuko, funga, tia ndani ya mfuko wa pili.
5. Osha sakafu kwa maji ya sabuni na tambara la kutupa.
6. Sasa ndipo klorini inafanya kazi. Lowesha eneo kwa maji makali, mita 2 pande zote kutoka pale yalipokuwa, na ukuta kwa kimo cha kiuno. Libaki limelowa kwa dakika 10. Likikauka kabla, ongeza.
7. Suuza. Kisha pitia kwa maji mepesi kila kinachoshikwa humo ndani: kitasa, swichi, fremu ya kitanda, ngazi ya kupandia kitanda cha juu.
8. Vua glavu mwishoni, ukizigeuza ndani nje. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, mpaka chini ya kucha.

Mifuko ifukiwe kwenye shimo la taka siku hiyohiyo.

Mashuka yasikung'utwe. Yakunjwe kwa ndani, yalowekwe kwa sabuni na maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, yafuliwe peke yake na kuanikwa juani. Chandarua ni tofauti: kifuliwe kwa sabuni laini na maji baridi, bila klorini, kikaushwe kivulini, la sivyo dawa ya mbu itapotea. Godoro la sponji lililolowa mpaka ndani halisafishiki vizuri. Ni afadhali kulitupa kuliko kumlaza mtu juu yake. Yaliyobaki yavishwe nailoni mapema.

Umefanikiwa kama baada ya saa 48 hakuna mgonjwa mpya kati ya waliokuwa chumbani humo. Akitokea, rudia hatua hii na uangalie zaidi namba 3 na namba 6. Mara nyingi mtu alianza na deki, au alisuuza baada ya dakika moja.

Hatua ya 6: Rudisha maji mwilini

Pakiti 1 ya ORS kwenye lita 1 ya maji salama. Soma pakiti kwanza, zipo za nusu lita. Usiongeze sukari, usichanganye na soda. Ikishakaa saa 24, imwagwe.

Mtu mzima anywe mililita 200 hadi 400 kila baada ya kuharisha, yaani glasi moja au mbili. Anayetapika apumzike dakika 10, kisha aanze tena kwa kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili. Wengi wanakosea hapa: mgonjwa ana kiu, anapiga glasi nzima kwa mkupuo, inarudi yote, na wenzake wanasema ORS imemkataa.

ORS ikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Madafu ni kinywaji kizuri, na Tanga yanapatikana kila kona, lakini yana chumvi kidogo kuliko mwili unavyopoteza. Mgonjwa anywe pamoja na ORS, yasishike nafasi yake.

Ale mara tu anapoweza: uji, wali, ndizi, supu.

Suala la Flagyl lazima lisemwe wazi. Mwanafunzi akikatwa na tumbo, cha kwanza ni kukimbilia duka la dawa. Dawa hiyo haigusi virusi, na inampa kichefuchefu juu ya kichefuchefu. Antibayotiki ziandikwe na mganga baada ya kumwona mgonjwa. Vidonge vya kufunga tumbo visitumike kabisa kwa mwenye homa au damu kwenye choo.

Umefanikiwa kama mgonjwa anakojoa kila baada ya saa chache na mkojo ni mweupe au wa njano hafifu.

Hatua ya 7: Mikono, maji na jiko

Sanitaiza ya spiriti haitegemewi hapa. Virusi vya noro havina ule utando wa mafuta ambao spiriti huuyeyusha, kwa hiyo vingi vinasalimika. Sabuni na maji yanayotiririka vinaviondoa mkononi. Kama hakuna bomba, tengeneza kibuyu chirizi, yaani dumu lenye tundu linaloinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Beseni la pamoja la kunawia kabla ya kula liondolewe leo, na kadhalika sinia la kula pamoja, hata kama linaumiza roho. Kwenye sehemu ya kuchukulia udhu, birika zisitumike kwa kupokezana. Watu watumie koki.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti na kuachwa dakika 30. Simtank la lita 5,000 lenye maji maangavu linahitaji kijiko 1 cha chakula cha HTH, kilichoyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Baada ya dakika 30 afisa afya apime. Kwenye koki klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kikombe cha kuchotea kwenye ndoo ya kunywa kina tabia ileile ya kopo la chooni. Kiondolewe, iwekwe ndoo yenye koki.

Jikoni, simamisha kachumbari, juisi na matunda yaliyokatwa. Chakula kitolewe cha moto, na mtu mmoja apakue kwa wote. Kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kisirudi mezani. Hifadhi kiasi cha gramu 200 za kila mlo kwenye chombo safi ndani ya friji kwa ajili ya afisa afya. Zungumza pia na mama ntilie na wauza chips wa getini. Wakipewa ndoo ya koki na sabuni wengi hushirikiana, kwani chuo kikifungwa na biashara yao imefungwa.

Mpishi mwenye dalili, hata kama ni kichefuchefu tu, atoke jikoni saa hiyohiyo. Na alipwe siku anazokaa nje. Asiyelipwa ataficha.

Hatua ya 8: Hesabu saa 48, kisha siku 7

Rudi kwenye safu ya sita ya daftari. Aliyeharisha mara ya mwisho Jumatatu saa 4 usiku, saa 48 zake zinatimia Jumatano saa 4 usiku. Anarudi darasani Alhamisi asubuhi, si Jumanne anapoamka na hamu ya chai. Kwa mpishi na mpakuaji kanuni ni hiyohiyo, bila huruma ya dakika moja. Hata baada ya hapo virusi huendelea kutoka kwenye choo chake kwa wiki mbili au zaidi, kwa hiyo kunawa hakulegezwi.

Vitasa, koki na swichi viendelee kufutwa kwa maji mepesi kila saa 2 mchana, na kabla ya kulala. Simu zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa sabuni. Wengi huingia nazo chooni.

Saa 72 zikipita bila mgonjwa mpya na bila anayetapika, fanya usafi mkubwa wa bweni zima kuanzia vyumba vya wazima, ukimalizia na chumba cha wagonjwa na choo chao. Bonanza, disko na mikutano ya ukumbini isubiri. Ukifikisha siku 7 tangu mgonjwa wa mwisho aanze, na afisa afya akakubali, toa karatasi ya "WAGONJWA TU" mlangoni. Kama kilithibitishwa kuwa kipindupindu, muda huo unapangwa na halmashauri.

Makopo yenye majina yaoshwe kwa maji makali, yaachwe dakika 10, yasuuzwe, yaanikwe juani. Hesabu glavu, ORS na klorini iliyobaki, uandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kilichopungua, na kinunuliwe kabla masika hayajaanza mwezi wa 3.